Utambuzi wa Mmea na Alama Zisizoandikwa kwa Ajili ya Mwanadamu

Swali la kale la falsafa, ambalo mjadala wake haujawahi kufungwa, ni kama mtu anayekiita kitu kwa jina lake huwa amegundua mpaka uliokuwepo kabla yake, au huwa amechora mpaka kwa mkono wake mwenyewe kisha akausingizia maumbile. Swali hili huulizwa mara nyingi juu ya mambo makubwa, kama vile nafsi, haki na Mungu, na kwa sababu hiyo majibu yake hukosa kitu cha kuyapimia. Katika makala haya linaulizwa juu ya kitu kinachoshikika: mmea mmoja wa asili, utambaao na kutoa maua, uotao katika vichaka vya nyanda kame zilizo mashariki mwa Mlima Kenya, pale ambapo nchi ya Embu huteremka hadi Mbeere, na nchi ya Meru huteremka hadi Tharaka na kingo za Mto Tana. Wataalamu wa mimea huuita Gloriosa superba, jina ambalo Carl Linnaeus wa Uswidi alilichapisha mwaka 1753, na mmea huohuo huota pia katika vichaka vya mchanga wa pwani, katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara, na katika Bara Hindi hadi kusini-mashariki mwa Asia.

Mvua zinaponyesha katika nyika ya Siakago huko Mbeere, au ya Marimanti huko Tharaka, shina jembamba huchipuka kutoka kwenye kiazi kilichofukiwa ardhini, likapanda juu ya migunga na vichaka vya jirani. Majani yake hayana vikonyo. Ni marefu, yamechongoka, na mishipa yake hukimbia sambamba kutoka mwanzo wa jani hadi mwisho, ambako ncha ya jani lenyewe hurefuka na kujisokota ikawa ukono, yaani kile kiungo chembamba ambacho mmea hukitumia kushikilia tawi la mwenzake. Alama hii si ya kawaida, kwa kuwa mimea mingi itambaayo hupanda kwa kuzungusha shina zima, au kwa ukono unaochipuka kando ya jani, wala si kwa ncha ya jani. Ua nalo huinamisha uso wake chini, lakini petali zake sita, zenye kingo za mawimbi, hupinduka kuelekea juu. Chini ni za njano, juu ni nyekundu, na wekundu huo huzidi kadiri ua linavyozeeka, hivi kwamba maua mawili ya shina moja yanaweza kuonekana kama ya mimea miwili tofauti. Stameni sita, ambazo ndizo zinazobeba chavua, hutandazwa pande zote. Katikati hukaa ovari ya kijani, na kijiti kinachotoka humo kubeba kipokea chavua hakishuki wima, bali hupindwa penye shina lake karibu pembe mraba, kikaelekea kando. Aliyekiona kijiti hicho kilichopindwa, pamoja na ule ukono wa ncha ya jani, hana haja tena ya kubahatisha.

Ugumu huanza pale ua linapokosekana. Katika mashamba ya juu ya Meru na Embu, kwenye mvua ya kutosha, viazi vikuu vimelimwa tangu kale, vikipandishwa juu ya miti iliyo hai, na kiazi kikuu nacho ni mmea utambaao wenye akiba yake ardhini. Mimea hii miwili ni rahisi kuitofautisha ikiwa juu ya ardhi, kwa kuwa kiazi kikuu kina majani yenye umbo la moyo na vikonyo virefu, hupanda kwa kuzungusha shina lake, na maua yake ni madogo yasiyomvutia mtu. Gloriosa, hata hivyo, hukauka kabisa mvua zinapokatika, kikabaki kiazi peke yake mchangani, na aliyekichimbua wakati huo hana jani wala ua la kumwongoza. Huko Sri Lanka na India madaktari wameandika habari za watu waliokula kiazi cha gloriosa wakidhani ni chakula, wakatapika na kuharisha baada ya saa chache, kisha, katika siku zilizofuata, viungo kadhaa vya mwili vikashindwa kazi kwa pamoja. Sumu yenyewe ni kolkisini, mojawapo ya alkaloidi, yaani kemikali zenye nitrojeni ambazo mimea huzitengeneza, nayo huzuia seli isigawanyike kwa kuvuruga nyuzi ndogo ambazo seli huzitegemea katika kutenganisha kromosomu zake. Kwa kipimo kidogo ni dawa ya jongo; kikizidi kidogo, huua. Katika jimbo la Tamil Nadu, ambako gloriosa ndilo ua rasmi la jimbo, wakulima huipanda mashambani ili mbegu zake ziuzwe kwa watengenezaji wa dawa.

Basi kuutambua mmea huu si pambo la wasomi. Ni jambo linalomgusa mchungaji, mpishi na mganga, na kosa lake hulipwa kwa mwili. Hata hivyo, hatari peke yake haijibu swali la falsafa, kwa sababu mtu anaweza kuepuka sumu kwa kukariri tu, bila kuelewa alama anazozisoma zinatoka wapi na zinamhusu nani.

Wapo waliolijibu swali hilo kwa njia ya dini. Katika Ulaya ya karne ya 16 na ya 17, Paracelsus, na baada yake Jakob Böhme, walifundisha kwamba Muumba alikiwekea kila kiumbe sahihi yake, yaani alama ya nje inayodokeza nguvu iliyo ndani, hivi kwamba jani lenye umbo la ini lilidhaniwa kuwa dawa ya ini, na utomvu wa rangi ya damu kuwa dawa ya damu. Mawazo yanayofanana na haya yamepatikana katika uganga wa nchi nyingi, wala si haki kuyadharau, kwa kuwa yanautazama ulimwengu kuwa ni ujumbe wenye maana na yanamfanya msomaji wake awe mchaji. Kasoro yake ni kwamba yanamweka mwanadamu kuwa ndiye anayeandikiwa ujumbe huo daima. Gloriosa haikubaliani na fundisho hilo hata kidogo. Wekundu wake si onyo, maana maua mengi mekundu hayamdhuru yeyote. Na kiazi chake, ambacho ni miongoni mwa sehemu zenye sumu kali zaidi, hakina juu ya ganda lake alama yoyote ya kumtahadharisha anayekichimba kwa njaa.

Kile kijiti kilichopindwa kinafundisha zaidi kuliko kiazi. Kwa mtu anayetambua mimea, hicho ndicho ufunguo. Kwa mmea wenyewe, kina shughuli nyingine kabisa. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini umeonyesha kwamba gloriosa huchavushwa na vipepeo, na kwamba chavua haibebwi na midomo yao bali na mabawa, kwa kuwa kipepeo anayezunguka ua linaloinama akitafuta nekta hupigapiga mabawa yake kwenye stameni zilizotandazwa, kisha, anapofika ua jingine, hukigusa kipokea chavua kilichoelekezwa kando kwenye duara lilelile. Kijiti kimepindwa kwa ajili ya bawa. Ukono wa jani nao upo kwa ajili ya tawi la mgunga, na umbo la ua, ambalo kitabu cha utambuzi hulieleza kwa mistari mitatu, lilikuwa likifanya kazi yake kabla ya kuwapo kitabu wala msomaji.

Hapa ndipo hoja kuu ya makala haya inaposimama. Anayetambua mmea husoma alama ambazo hazikuandikwa kwa ajili yake. Yeye ni msomaji wa pembeni, anayeingia katika mazungumzo ya viumbe wengine, na usahihi wa utambuzi wake unategemea kiasi anachokubali kwamba mazungumzo hayo hayamhusu. Ndiyo maana kutambua ni tendo lenye sura ya kiadili na ya kidini pia, wala si la akili tu: linamtaka mtu aweke kando, kwa muda, swali la kile ambacho kitu kinamfaa, aulize kwanza kitu hicho kinaishi vipi.

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika kitabu chake kikubwa juu ya akili ya mwanadamu kilichotoka mwaka 1690, alitenga kiini cha aina mbili. Kiini cha jina ni fungu la sifa ambazo watu wamekubaliana kuzitumia ili kukiita kitu hivi au vile; kiini halisi ni muundo wa ndani unaozizaa sifa hizo, na Locke hakuwa na matumaini kwamba mwanadamu angeufikia. Kwa maoni yake, mipaka ya aina za vitu ni kazi ya akili ya binadamu, hata kama mifanano yenyewe imo katika maumbile. Linnaeus, aliyekuja baadaye, aliipanga mimea kwa kuhesabu viungo vya uzazi, akaiweka gloriosa katika tabaka la mimea yenye stameni sita, naye mwenyewe alijua kwamba mpango huo ulikuwa wa kurahisisha kazi na wala haukuwa picha ya undugu wa kweli. Waliomfuata waliiweka gloriosa katika familia ya mayungiyungi kwa sababu ya sura ya ua lake, na humo ikakaa muda mrefu.

Lakini yaliyofuata yanampinga Locke kwa kiasi fulani. Mwaka 1820 wanakemia wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walitenga kutoka kwenye ua la Ulaya liitwalo kolkikamu alkaloidi ambayo leo inaitwa kolkisini. Na mapema katika karne ya 20 kemikali ileile ikapatikana katika viazi vya gloriosa. Kwa macho mimea hii miwili haifanani: kolkikamu haitambai, nayo huchanua chini kabisa, karibu na udongo, katika majira ya majani kupukutika. Hata hivyo, mwishoni mwa karne hiyo, ulinganisho wa DNA ulipowezekana, ilidhihirika kwamba gloriosa na kolkikamu ni ndugu wa familia moja, iitwayo Colchicaceae, na kwamba undugu wa gloriosa na mayungiyungi ya kweli ni wa mbali. Sumu ilikuwa imesema ukweli ambao sura iliuficha. Ikiwa aina za vitu zingekuwa makubaliano ya watu peke yake, makubaliano hayo yasingeweza kukosolewa kwa namna hii na kitu chenyewe. Na ukweli kwamba yalikosolewa unaonyesha kwamba chini ya jina kuna jambo linalojibu.

Hata hivyo, si haki kumwacha Locke aondoke mikono mitupu. Familia ikishajulikana, inabaki kuulizwa ndani ya jenasi, yaani kundi la spishi zilizo karibu, kuna spishi ngapi, na hapo maumbile hayajibu kwa sauti moja. Gloriosa hubadilika sana: ipo yenye petali nyembamba na yenye petali pana, ya njano tupu na ya rangi ya damu, na katika nyanda kame za kaskazini na mashariki mwa Kenya ipo fupi yenye majani membamba, ambayo wataalamu wengi huitenga kwa jina la Gloriosa minor. Linnaeus mwenyewe aliongeza jina la pili, Gloriosa simplex, mwaka 1767. Mwaka 1903 mmea uliotoka Uganda ulitangazwa Uingereza kuwa spishi mpya na kupewa jina la ukoo wa Rothschild. Baadaye wataalamu waliona kwamba sehemu kubwa ya majina haya yaeleza mmea mmoja wenye sura nyingi, wakayaunganisha chini ya Gloriosa superba. Wengine wakayatenganisha tena. Na mwaka 2007 jenasi iliyoitwa Littonia ikaingizwa nzima ndani ya Gloriosa kwa ushahidi wa DNA. Mtu wa Mbeere anayeona gloriosa ya njano upande mmoja wa kilima na nyekundu upande wa pili ana haki ya kuuliza kama ameona kitu kimoja au viwili, na jibu la uaminifu ni kwamba panapo mwendelezo usiokatika kati ya sura mbili, mahali pa kuweka mpaka huamuliwa na watu. Maumbile hukataza mipaka fulani na kuruhusu mingine kadhaa. Huo ndio msimamo unaoelekea kuwa sahihi, nao ni mgumu kuushikilia kuliko ile misimamo miwili ya pembeni, kwa sababu unamtaka mtu awe mtiifu na mwamuzi kwa wakati mmoja.

Utiifu huo na uamuzi huo huonekana bayana katika kazi ya hebaria, yaani maktaba ya mimea iliyokaushwa. Hebaria ya Afrika Mashariki ilianzia Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950, na sasa, ikiwa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ina sampuli zinazokaribia milioni moja. Sampuli hutandazwa kati ya magazeti, ikabanwa na kukaushwa, kisha ikabandikwa kwenye karatasi ngumu pamoja na lebo inayotaja mahali, tarehe, kimo cha ardhi, mimea iliyo jirani na jina la aliyeikusanya. Kwa gloriosa kazi hii ina huzuni yake, maana ua likishakauka hupoteza moto wake wote, likawa na rangi ya karatasi kuukuu, na petali zilizokuwa zimepinduka hulala bapa. Rangi hubaki katika maneno ya lebo tu. Atakayeifungua sampuli hiyo miaka 70 baadaye, akisoma kwamba ua lilikuwa jekundu lenye kingo za njano, ataamini au hataamini neno la mtu aliyesimama kwenye jua la Tharaka siku ile. Kwa upungufu huo wachoraji walihitajika sana. Joy Adamson, ambaye jina lake limefungamana na simba Elsa aliyezikwa katika Hifadhi ya Taifa ya Meru, alichora mamia ya mimea ya Kenya kabla ya kusifika kwa vitabu vyake, na michoro ya namna hiyo huhifadhi kile ambacho kukausha huondoa.

Sheria za kimataifa za kuipa mimea majina zinaongeza jambo la kushangaza. Kila jina la spishi hufungwa kwenye sampuli moja, au mara nyingine mchoro mmoja, ambao ndio rejea yake, na mimea mingine yote duniani hupewa jina hilo kwa hukumu ya kwamba inafanana na rejea hiyo kwa kiasi cha kutosha. Jina kwa hiyo halimiliki aina nzima. Lina mguu mmoja tu ardhini. Mwaka 2024, kwenye kongamano la wanabotania lililofanyika Madrid, ilikubaliwa pia kwamba majina yaliyojengwa juu ya tusi la kikoloni dhidi ya Waafrika weusi yabadilishwe, na spishi zaidi ya 200 zikaguswa. Waliopinga walisema kwamba jina ni lebo tu na halina adili. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa lebo huandikwa na mtu, na mtu hujibu kwa alichoandika.

Upande wa pili wa elimu hii ni ule wa wenyeji, ambao kwa miaka mingi ulichukuliwa kuwa malighafi. Kwa Mbeere kuna kazi inayostahili kutajwa: vitabu viwili vya Bernard Riley na David Brokensha juu ya Wambeere, vilivyotoka mwaka 1988, na cha pili chote kinahusu utambulisho wa mimea na matumizi yake, kikiweka majina ya Kimbeere sambamba na ya kisayansi. Kamusi ya Henk Beentje ya miti, vichaka na mitambazi ya Kenya, iliyochapishwa mwaka 1994, nayo ilikusanya majina ya lugha nyingi za Kenya, zikiwemo za watu wa Mlima Kenya. Anayezisoma kazi hizi huona kwamba wenyeji hawakuwa wakisubiri wapewe elimu ya kutenganisha vitu. Walitenganisha kwa maswali yao wenyewe, kama vile mbuzi hula nini na hukwepa nini, kuni ipi hutoa moshi mkali, na mti upi hupasuliwa bila kuvunjika. Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, katika utafiti wake juu ya falsafa ya wahenga, aliwatenga wale wanaohifadhi hekima ya jamii na wale wanaoihoji, na utengano huo unafaa hapa pia. Kuna anayejua jina la mtambazi kwa sababu ndivyo alivyosikia, na kuna anayejua kwa nini si yule mwingine. Wa pili ni mtambuzi kwa maana kamili, awe amesoma chuoni au amechunga mbuzi Gatunga, huko Tharaka.

Imani za watu wa eneo hili zinaingia katika suala hili kwa njia isiyotarajiwa. Wamisionari wa Consolata walifika Meru mwaka 1911 na Wamethodisti mwaka 1912, huku Waanglikana wakijenga kituo Kigari, Embu, mwaka 1910, na kwa mafundisho yao simulizi la kitabu cha Mwanzo likawa msingi wa namna wengi wanavyofikiri juu ya majina. Husemwa kwa wepesi kwamba Adamu alivipa viumbe vyote majina. Simulizi lenyewe, likisomwa kwa makini, halisemi hivyo: linataja wanyama wa kufugwa, ndege wa angani na wanyama wa mwitu, wakiletwa mbele ya Adamu aone atawaitaje, na mimea haitajwi. Qurani, katika sura ya pili, inatoa picha nyingine, ambamo Mwenyezi Mungu ndiye anayemfundisha Adamu majina yote, na malaika hukiri kwamba hawana elimu isipokuwa waliyofundishwa. Katika picha ya kwanza mwanadamu hubuni. Katika ya pili hupokea. Mtambuzi wa mimea anazihitaji zote mbili, na kule kunyamaza kwa Mwanzo juu ya mimea kunaweza kueleweka, ingawa wafafanuzi hawalazimiki kukubali, kuwa nafasi iliyoachwa wazi kwa kazi ambayo haijakamilika.

Kuna tatizo zito zaidi. Sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo inasema kwamba mwanadamu alipewa kila mmea wenye mbegu uwe chakula chake, na gloriosa ina mbegu, nyekundu na za kuvutia, katika tunda kavu lenye vyumba vitatu linalopasuka lenyewe. Na mbegu hizo zina sumu. Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini aliyefariki mwaka 430, aliyetafakari kwa muda mrefu juu ya mimea na wanyama wenye madhara, alifikia katika kitabu chake cha Mji wa Mungu hoja yenye nguvu: kwamba kitu cha maumbile hakihukumiwi kwa faida au hasara ya mwanadamu, bali kwa asili yake chenyewe, na ni kwa asili hiyo kinamtukuza aliyekiumba. Hoja hii inakwenda mbali kuliko wengi wanavyoifuata. John Mbiti, aliyezaliwa Kitui, ng'ambo ya Tana kutoka Mbeere, alieleza mwaka 1969 kwamba katika fikra za Kiafrika vilivyopo hupangwa katika tabaka tano, Mungu, roho, watu, wanyama pamoja na mimea, na vitu visivyo na uhai, na kwamba mpango mzima hutazamwa kutoka mahali aliposimama mwanadamu. Maelezo yake yana ushahidi mwingi, lakini gloriosa haitoshei vizuri ndani yake, kwa kuwa mmea unaochavushwa kwa bawa la kipepeo na kujilinda kwa sumu hauna jambo la kumwambia mwanadamu isipokuwa kwamba nao upo.

Na hata katika eneo hilohilo zilikuwepo desturi zilizolijua jambo hili. Msitu wa Giitune, karibu na mji wa Meru, na msitu wa kilima cha Kirimiri, karibu na Runyenjes, ni kati ya mahali patakatifu ambapo wazee walikataza kukata, na katazo hilo halikubagua. Mti wa dawa na mtambazi usio na kazi vilibaki pamoja, bila yeyote kulazimika kujua kila kilichomo. Heshima ilitangulia elimu. Leo, mashamba ya muguka, aina ya miraa, yanapozidi kupanuka Mbeere na vichaka vikikatwa kwa ajili ya makaa, mtambazi wa nyika hupewa jina moja tu, gugu, na jina hilo halitambui chochote, kwa sababu linaeleza haja ya mkulima na kunyamaza juu ya mmea. Mkulima hana lawama kwa kutaka kula na kusomesha watoto, lakini ni kweli pia kwamba jembe hufika mara nyingi kabla ya mtu yeyote kutazama kilichong'olewa ni nini.

Kinachosalia ni suala la kiazi kilicho chini wakati wa kiangazi, na pengine ndilo gumu kuliko yote. Gloriosa haikosi kuwa gloriosa kwa kuwa imekauka. Utambulisho wake haukai katika ua. Lakini anayechimba mizizi ya mwituni katika miezi ya njaa, kama watu wa nyanda hizi walivyolazimika kufanya katika ukame wa nyakati mbalimbali, hana alama hata moja kati ya zilizoelezwa hapo juu. Anachokuwa nacho ni ushahidi, yaani neno la mtu aliyepita mahali pale wakati wa mvua, akaona kilichopanda juu ya mgunga ule. Elimu yake yote ya wakati huo ni imani kwa shahidi, na imani hiyo si pungufu ya elimu, kwa kuwa hata sampuli ya Nairobi, iliyopoteza rangi yake, inategemea imani ya namna ileile kwa aliyeandika lebo. Tofauti iliyopo ni kwamba lebo humtaja mkusanyaji, ilhali mwenyeji aliyemwonyesha mmea, akamweleza jina lake la Kitharaka au la Kimbeere na kumwonya juu ya kiazi, mara nyingi hakuandikwa. Na sampuli ambayo shahidi wake mkuu hatajwi ina upungufu uleule ambao hebaria isingeukubali katika tarehe au katika kimo cha ardhi.